Walipima Maji Pale Gari Iliposimama

Homa Bay,
Jumatano, saa ya lanchi

Dada Awino,

Nakusalimia, hata kama najua bado umeninunia. Uko aje? Mgongo je, umepoa? Na mtoto, ameanza kushika vitu asimame ama bado anajiburuta kwa sakafu? Shemeji naye, kile kikohozi kilimwachilia? Nauliza kwa kweli, si kwa mtindo wa barua, juu Jumapili hukunipa nafasi ya kuuliza hata moja. Mimi niko mzima. Nakula, nalala, nguo zinanitosha. Kitu yenye haiko sawa ni roho, na ndio maana nimekaa hapa nyuma ya maabara na kalamu wakati wenzangu wako kwa ugali.

Naandika kwa sababu kwa simu utanikata. Ulinikata mara mbili, na mara ya tatu ukampa mtoto simu aitie mate. Barua huwezi kuikata katikati. Nitampa yule mama wa omena anayeleta magunia soko lenu kila Alhamisi, kwa hivyo ikinuka samaki usishangae. Na nimeandika Kiswahili makusudi, si Dholuo, ili ukimaliza umsomee Mama Boke na wale wamama wengine wa Kuria walio kwa kikundi chenu cha kuosha dhahabu, kila mtu asikie kwa sikio lake. Lakini soma peke yako kwanza. Kuna mahali nitakugombeza, na sitaki wakucheke.

Ulisema hivi: "Ulipita hapa na gari ya wakubwa, ukasimama juu ya daraja na kofia yako, ukashindwa kuteremka kusalimia mtoto. Sasa wewe ni mtu wa ofisi."

Ni kweli nilikuwa pale. Nilisimama na kofia. Sikuteremka. Sasa tulia nikuambie kilichokuwa kinaendelea juu ya hilo daraja, halafu ukitaka kununa, nuna ukijua.

Unajua mimi hapa kituoni nashika vifaa vya kupima maji. Hakuna shule iliyonifundisha. Niliingia kupiga deki, nikakuta kifaa cha kupima uchafu wa maji kimelala kabatini, ati kimekufa. Nikachukua kitabu chake, nikasoma na kile kiingereza changu cha kuchechemea, nikaangalia video kwa simu mpaka bando ikaisha, nikakifungua, kumbe ni waya tu umekatika! Tangu hiyo siku deki alipewa mtu mwingine.

Sasa mwezi huu wameleta mafunzo. Si ya watu kama sisi. Ni ya wataalamu: maafisa wa maji, wa mazingira, wa samaki, wa afya ya umma, kutoka kaunti za huku ziwani. Wanafundishwa venye watalinda maji ya ufuoni kuanzia huko juu milimani, juu chochote kinachomwagwa huko kinateremka mpaka huku. Mkufunzi mkuu ni Daktari Agola, mwanaume mmoja mrefu, viatu vinang'aa hata kukiwa na tope. Huyo anajua kufundisha, siwezi kumnyima. Siku ya kwanza aliweka karai mezani, akamwaga maji ya rangi kwa ukingo, yakateremka yakajikusanya katikati. "Hili karai ni bonde la mto," akasema. "Nyinyi nyote mnaishi kwa ukingo. Ziwa liko hapa katikati, na halina pa kutorokea." Watu wakainama kuliangalia. Yawa, siku hiyo niliipenda hii kazi kuliko siku zote.

Mimi nawaonyesha kushika vifaa. Wanakuja na digrii zao mbili mbili wananiuliza, "Madam, hii inafunguliwa wapi?" Nawafungulia. "Na hii namba mbona inarukaruka?" Nawaambia wangoje, wasitikise. Wananiita madam mpaka saa ya kujaza fomu. Kwa fomu kuna mahali pa jina la mtu aliyechota maji, na hapo jina langu haliwezi kuandikwa, ati sina cheti. Yule niliyemfundisha saa hiyo hiyo ndiye anaandika lake.

Hiyo nilikuwa nimeimeza. Halafu ikafika juma la mekuri, hiyo zebaki ya kushika dhahabu.

Daktari aliweka picha ukutani. Dada, nilidhani ni wewe. Wamama wanne wameinama kwa dimbwi, leso zimefungwa kiunoni, mikono kwa karai mpaka kwa kiwiko, mmoja ako na mtoto mgongoni. Si nyinyi, ni watu wa mahali pengine, lakini yule wa kwanza ameinama venye wewe huinama, mguu mmoja mbele kama mtu anayetaka kukimbia. Daktari akaanza kueleza polepole, sauti iko tambarare, kama anasoma orodha ya kwenda sokoni. Mekuri ikishikana na dhahabu halafu ichomwe, ule moshi unaingia kwa mapafu hata kama huuoni. Ukiichomea jikoni, inabaki kwa ukuta, kwa sufuria, kwa blanketi. Mwenye mimba anampa mtoto aliye tumboni. Anayenyonyesha anampa kwa maziwa. Mikono inaanza kutetemeka, mtu anasahausahau, mtoto anachelewa kutembea. Ile inayoingia kwa maji, hata uchemshe aje, haitoki. Inateremka, inalala kwa matope, inafika ziwani, inaingia kwa samaki, tunaila tena huku chini.

Na wote wanaandika! Kalamu zinaenda tu kwa daftari. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna hata mmoja aliyesema "kumbe!" Wanajua, dada. Wamejua miaka hii yote. Iko kwa vitabu vyao, iko kwa slaidi za rangi, inasemwa kwa ukumbi wenye feni na maji ya chupa kwa kila meza. Na wewe ambaye mkono wako ndio uko ndani ya karai, ni nani alishawahi kukuambia? Ni yule mnunuzi wa dhahabu mwenye pikipiki tu, anayewapa mekuri bure ili dhahabu ikitoka mumuuzie yeye peke yake, na mkimuuliza kama ina madhara anasema, "Mama, nawa tu na sabuni." Sabuni! Nilitoka nje nikajifanya naenda kuleta chupa, nikapiga teke ndoo tupu mpaka mlinzi akakuja kuuliza kama ni mwizi.

Sasa, Ijumaa ikawa siku ya kutoka darasani kwenda kupima mito. Nikasikia Migori. Nikasikia Nyatike. Nikasikia mto wenu! Sikulala vizuri kwa furaha. Nilijua mtafika mwisho wa shida, juu sasa macho ya wataalamu yanakuja kuona kila kitu. Nilipanga chupa mara tatu. Nikamwekea mtoto suruali kwa mfuko.

Dereva akasimamisha gari katikati ya daraja. Daktari akafungua karatasi akasema, "Kituo namba saba." Nikaichungulia hiyo karatasi juu ya bega lake. Awino, kila kituo cha kupima kwa hiyo safari ni daraja. Daraja, daraja, daraja, kuanzia huko juu mpaka ziwani. Kwa nini? Kwa sababu hapo gari inafika! Mtu anateremsha ndoo na kamba, anaivuta, anajaza chupa, anafunga, anaingia gari. Kiatu hakijaguswa na tone. Na madimbwi yenu yako wapi? Chini ya daraja, baada ya ile kona. Na penye mnachota maji ya kunywa ni chini zaidi. Yaani walipima mto kabla haujafika kwenu.

Nikasema, "Daktari, samahani. Hapa ni juu. Uchafu unaingia huko chini, baada ya kona. Mimi nimekulia hapa, kwa dada yangu."

"Kituo ni hiki, Adhiambo. Kituo hakihamishwi ati kwa sababu mtu alikulia mahali."

"Lakini ulitufundisha mekuri inalala kwa matope. Sasa tunachota maji ya juu juu na ndoo?"

Watu wakaanza kuangaliana. Kuna afisa mmoja wa afya ya umma, Madam Gati, mama wa Kuria mwenye kifua na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akasema, "Huyu msichana anataka tu kufika kwao achinjiwe kuku!" Wakacheka wote, mpaka dereva.

Nikamjibu, "Na hiyo kuku imekunywa hiyo maji, madam. Karibu ule."

Wakacheka zaidi. Daktari hakucheka. Akaniambia, "Shika chupa." Nikashika chupa. Hapo ndio uliniona na kofia.

Nilikuwa naona moshi wa jikoni kwako. Gari ilikuwa inanguruma tu, haijazimwa. Daktari akasema mwenye anataka kutembelea jamaa abaki, na arudi na njia yake, na ajue hana kazi tena. Ningeshuka. Leo ningeshuka. Ile siku niliogopa, nikaingia gari. Hapo uko na haki, nuna venye unataka.

Lakini sasa na mimi niko na kesi na wewe.

Jumapili ukinigombeza ulisema kitu, na ulikisema ukijivuna: "Hata hamkuona chochote! Tulipoona gari ya kaunti tulifunika madimbwi na matawi, tukaficha makarai kwa mahindi, kila mtu akashika jembe." Na nyuma yako nikamsikia Mama Boke anacheka mpaka anakohoa: "Mwambie tulipalilia mpaka majani yenyewe yakashangaa!"

Awino! Mnajua kuficha kuliko venye wao wanajua kutafuta. Wao wanapima penye gari inafika, nyinyi mnafunika penye gari haifiki. Mmekubaliana bila hata kuonana kwamba hakuna kitu hapo chini. Ningekuwa hapo ningewararua nyinyi nyote, wao kwanza, halafu nyinyi.

Naelewa kwa nini. Nakumbuka wale askari waliokuja na fimbo wakavunja mbao za kuoshea, wakaondoka na pampu ya kikundi, na mpaka leo hakuna mtu ameiona. Kwetu gari ya kaunti ikisimama hatuulizi imeleta nini, tunauliza imekuja kuchukua nini. Mkono unaficha kabla kichwa hakijafikiria. Hata mimi nikiwa mdogo nilikuwa wa kwanza kukimbia na karai. Lakini sikia hiyo kuficha imezaa nini.

Chupa ya daraja iliingia kwa mashine Jumatatu. Mashine nawasha mimi mwenyewe. Ikasoma maji ni safi, hakuna mekuri ya kusumbua mtu. Na haikudanganya! Maji ya daraja ni safi. Basi wakatandika ramani kubwa mezani. Mahali pabaya panapakwa nyekundu, pa katikati manjano, pazuri kijani. Hiyo ramani ndiyo kazi ya mwisho ya mafunzo, inaenda kaunti Jumatatu ijayo, na kaunti itaitumia kuchagua ni wapi visima vya maji safi vitachimbwa. Nyekundu inaanza. Manjano inafuata. Kijani inaambiwa ingoje. Afisa mmoja akachukua rangi ya kijani akapaka juu ya kwenu. Akapaka vizuri, pole pole, asitoke nje ya mstari, kama mtoto wa nasari.

Nikasimama. Sikupewa ruhusa, nilisimama tu.

"Naomba kuuliza. Hapo kwa daraja, ni nani anachota maji?"

Yule wa rangi akaendelea kupaka.

"Hakuna mtu. Ukingo ni mkali, hata ng'ombe hateremki hapo. Sasa tumepima maji ya nani?"

Daktari akavua miwani. "Adhiambo, uchungu wa nyumbani naelewa. Lakini uchungu si kipimo."

"Basi tupime! Nipeni chupa mbili, na nusu siku."

"Safari zimekwisha. Na ukienda wewe, nani atajaza fomu? Chupa bila jina la mtaalamu ni maji tu."

Maji tu! Umesikia? Maji ambayo mtoto wako anakunywa kila asubuhi ni maji tu, mpaka mtu mwenye cheti ayashike. Na anayesema hivyo ni mtu aliyetuwekea karai mezani akatuambia kila tone linahesabika. Nikasema kitu kwa Dholuo ambacho siwezi kuandika hapa kwa sababu mama mkwe wako anaweza kusomewa. Daktari ni Mjaluo wa Rachuonyo, alisikia kila neno. Akaniambia kwa upole, upole wa kuogofya, kwamba chupa ya kituo ikitoka bila ruhusa yake, Jumatatu nisijisumbue kuja.

Nikaenda kuosha vyombo vya kupimia. Niliviosha kwa hasira mpaka kimoja kikavunjika. Nikasikia viatu nyuma yangu. Ni Madam Gati, yule wa kuku.

"Wewe mtoto," akasema, "ulisema kuku imekunywa hiyo maji."

"Nilisema."

"Na mimi nilicheka."

"Ulicheka sana, madam. Mpaka dereva akakusaidia."

Nilijua ananirukia. Akakaa juu ya kreti ya soda, kreti ikalia. Akasema, "Hiyo zahanati ya huko kwenu iko chini yangu. Kila mara naletewa watoto wanaochelewa kutembea. Naandika ni chakula. Naandika chakula, naenda zangu. Sijawahi kuteremka hiyo kona hata siku moja. Kumbe kuna kona!" Akasimama. "Jumamosi nina pikipiki. Na jina langu linatosha kwa fomu. Wewe leta chupa."

"Na Daktari?"

"Daktari ametufundisha kujaza fomu wiki tatu. Tunaenda kujaza fomu."

Nilimkumbatia na mikono imejaa povu. Akanisukuma, akasema nimeharibu blauzi yake ya kwenda kanisa.

Kwa hivyo mtatuona Jumamosi asubuhi, wanawake wawili kwa pikipiki moja, mimi nikiwa na sanduku la barafu mgongoni. Na ninachoomba ni kitu kimoja, na najua ni kigumu kuliko kubeba hilo sanduku.

Msifiche.

Hakuna matawi. Hakuna mahindi. Hakuna kushika majembe. Makarai yakae penye hukaa, madimbwi yawe wazi, maji yateremke venye huteremka kila siku. Msifagie. Msituletee maji ya tangi la shule kwa glasi safi juu ya trei, venye mnafanyia wageni, juu nakujua, utaona aibu na utafanya hivyo. Mtupeleke penye mnachota, pale pale, mguu kwa mguu, na Madam Gati aingie na viatu vyake. Chupa ziko mbili: moja ya maji, moja ya matope. Hakuna ya tatu. Mkifunika, zitarudi huku na uongo, na huo uongo utakuwa na sahihi na muhuri, na mimi nitakuwa nimeubeba kwa mgongo wangu.

Najua Mama Boke atasema nini. Atasema, "Wakiandika, watafunga." Mama Boke, nakujibu hapa hapa. Hiyo fomu nimeisoma mara tatu. Haina mahali pa jina la mwenye dimbwi. Inauliza ni mto gani, ni saa ngapi, na nani amechota. Madam Gati ameapa kwa mtoto wake kwamba anafuata maji, si watu. Lakini siwezi kukudanganya wewe uliyenifundisha kupika ugali wa mtama. Ramani ikishakuwa nyekundu, watu wengine watakuja. Labda wataleta kisima peke yake. Labda wataleta kisima na wale wa fimbo pamoja. Labda watasema muoshee mbali na mto, na mtabeba mawe kilima kizima, na mtanilaani kila mkipumzika. Siwezi kuahidi. Nimejaribu kuandika ahadi hapa mara mbili nikaifuta, utaona alama.

Ninachojua ni hiki. Kijani inawakinga na askari. Haimkingi mtoto na maji. Na mkificha tena, hakuna mtu atarudi hiyo kona, juu karatasi itakuwa imesema huko ni kuzuri. Mtakufa na kijani yenu.

Mkiona hamwezi, mwambie mama wa omena, anarudi huku Ijumaa jioni. Sitakasirika. Hapana, nitakasirika vibaya sana, lakini nitawaelewa baada ya wiki kadhaa. Nitamwambia Madam Gati asije, kuliko aje kupima uongo. Lakini mimi nitakuja hata hivyo, na miguu, nikae na wewe, juu Jumatatu sina uhakika kama niko na kazi.

Kabla ya hiyo Jumamosi, maji ya mtoto chota kwa tangi la shule. Najua ni mbali na najua mlinzi ana mdomo. Mwambie ni ya dawa. Yako pia, kama unanyonyesha. Na shemeji asichomee mekuri jikoni tena, hata kama mvua inanyesha, hata kama mnunuzi anamharakisha. Akisema mimi ni mdogo sana kumfundisha, mwambie nimewafundisha wakubwa kuliko yeye na hawakushika pia.

Nisalimie shemeji wangu huyo, mwambie nampenda na ndio maana nampigia kelele. Nisalimie mama mkwe wako, macho yake yamepona? Mwambie nimesikia alipalilia na nyinyi na miaka yake yote, na amenichekesha hata nikiwa na hasira. Mwalimu wa nasari anayekusaidia kuandika hesabu za kikundi, msalimie, na umwombe Jumamosi awe hapo, atusomee fomu kwa sauti kila mtu asikie hakuna jina. Mama Boke nimemsalimia tayari, na namsalimia tena, juu najua wengine watamfuata yeye. Suruali ya mtoto iko kwa mfuko huu huu wa omena, ifue kwanza.

Nilikuwa nimalizie hapo. Nimekumbuka kitu.

Ile mekuri mnayoweka akiba. Mwaka jana nilipolala kwako ilikuwa chini ya kitanda, upande wa ukuta, chini ya kichwa cha mtoto, juu uliogopa itaibiwa. Iko hapo bado?

Weka hii barua chini. Usimalize kusoma. Simama sasa hivi. Itoe pole pole, kaza kifuniko, iweke ndani ya mkebe unaofunga, upeleke kwa stoo ya majembe, juu kabisa, ufunge mlango. Usiimwage. Si kwa choo, si kwa mto, si popote. Halafu ufungue madirisha. Enda, Awino. Nangoja.

Umerudi?

Haya. Sasa kaa chini upumue.

Ni mimi mdogo wako,
Adhiambo